Vitufe Vinne

Arobaini ilikuwa imeisha. Maturubai yamerudishwa,
sufuria za kukodi zimehesabiwa, moja imepungua,
ndipo Bi. Asumini akanipigia: "Fundi, njoo Kimanga,
marehemu katuachia chuma kinachoomba namba."

Nikalikuta limechutama kabatini nyuma ya kanga,
sefu la Mtaa wa Narung'ombe, shehena yake naijua:
rangi ya majivu, kioo kidogo cha kijani, vitufe kumi.
Mchopanga alililipia laki tatu na nusu.
Vijana wawili walilipandisha ngazi wakitukana kwa pumzi,
naye akawaambia wanawe:
"Hata mimi nikisahau, halitanionea haya."

Nikapiga goti, nikamulika kwa simu.
Vitufe sita, namba zake nyeusi kama siku ya dukani.
Vinne vimefutika: moja, nne, saba, nane.
Kidole cha mtu ni msasa mpole,
miaka sita kinasugua palepale.
Zipange utakavyo, namba nne zilizovuliwa nguo,
huvuki mipango ishirini na nne.

"Mwaka wa ndoa?" akauliza.
Mwaka wetu wowote ule ungetaka tisa,
na tisa bado ni nyeusi tii.

Levina akaacha kupiga deki koridoni.
"Baba alikuwa anabonyeza mbili haraka,
kama anayegonga kwa jirani.
Ananyamaza.
Halafu mbili polepole."
Namba zote hulia *pi* ileile, lakini kimya hakifanani.
Nyumba nzima ilikuwa inaisikia siri, kila jioni,
ikidhani ni mlio tu.

Nikawaomba watoke. Hapa naona aibu kidogo:
kazi yangu ni elfu themanini,
na nusu yake ni kufunga mlango wasinione.
Ndani ya chuma chote kile kilichobebeshwa imani
kuna kijiti kimoja, kifupi kuliko njiti ya kiberiti,
kimeegemea springi.
Ngumi moja juu, mkono wa pili kwenye kitasa.
Si namba, si betri, si dua.
Mlango ukaja kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake.

Hati ya kiwanja cha Kinyerezi. Pasipoti iliyokwisha muda.
Miwani ya kioo kimoja.
Fedha: laki mbili na ushei,
pungufu ya bei ya sefu lenyewe.

Bi. Asumini hakuzihesabu.
"Namba ni ipi?"
Nikamwambia sijui. Nimeruka ukuta, mama,
sikupita mlangoni.
Nikamwonyesha kitufe chekundu, kule bawabani:
nikikibonyeza, ya zamani inafutika,
utachagua yako.

"Usikiguse."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, upande usio wake.
"Fedha ningekopa. Hati ningefuatilia ardhi,
hata kwa mwaka mzima.
Lakini kila jioni, miaka sita,
alikuwa anakumbuka kitu, dakika moja,
mgongo kanipa mimi.
Hicho ndicho nilichokuitia."

Akatoa kila kitu, akalifunga tupu.
Betri nne mpya nikamwachia bure, sijui kwa nini.
Nikamweleza: jaribu mara tatu kwa usiku,
ya nne likikosewa linapiga kelele, linanuna,
na majirani bado wana msiba wako masikioni.

Usiku wa pili alinitumia ujumbe: *Sita. Hakuna.*
Usiku wa tano: *Kumi na tano. Levina ananisaidia kunyamaza.*

Leo ni usiku wa tisa.
Mipango ilikwisha jana.
Simu yangu iko mezani kando ya koleo,
kioo chake kina alama nne za mafuta ya kidole changu,
na yeye hajatuma neno,
nami sijampigia.